Amana ya Karatasi: Magazeti ya Chini kwa Chini ya Marekani na Walioyaweka

Gazeti ni kitu cha siku moja. Asubuhi hununuliwa, mchana husomwa barazani kwa sauti, jioni huwa limeshapita mikononi mwa watu kumi, na kesho yake hufungiwa karanga au hutandikwa kabatini chini ya vyombo. Hakuna anayelililia. Akitokea mtu akalikunja gazeti la jana kwa adabu, akalitia sandukuni na kuandika tarehe juu ya sanduku, jirani zake humwona kama aliyepungukiwa na akili. Na ikiwa gazeti lenyewe limejaa matusi, michoro ya ajabu na makosa ya tahajia, hapo hata mkewe humwuliza anaweka takataka hizo kwa ajili ya nani.

Makala haya yanawahusu watu wa namna hiyo, pamoja na magazeti waliyoyaokota: yale yaliyochapishwa na vijana wa Marekani baina ya mwaka 1964 na miaka ya kati ya 1970, katika zama ambazo nchi ile ilitikisika hadi misingi yake. Vita vya Vietnam vilikuwa vinawaka. Vijana waliandikishwa jeshini kwa lazima. Watu weusi wa majimbo ya kusini walikuwa wakidai kura huku wakipigwa na kuuawa, na mwaka 1968 Martin Luther King mwenyewe aliuawa kwa risasi. Magazeti makubwa ya miji yaliyaandika mambo hayo kwa sauti ya serikali na ya wenye mali, na vijana wakaona kwamba yale wanayoyashuhudia barabarani siyo wanayoyasoma asubuhi. Wakaamua kujiandikia wenyewe.

Uamuzi huo usingezaa kitu lau si mabadiliko ya ufundi. Zamani, ili gazeti lichapwe ilibidi herufi za risasi zipangwe moja moja, au zimiminwe kwa mashine kubwa na ghali. Upigaji chapa wa ofseti ulipoenea, ukurasa ulioandikwa kwa taipureta ya kawaida na kubandikwa michoro kwa gundi uliweza kupigwa picha, na picha hiyo ikahamishiwa kwenye bamba la chuma. Aliyekuwa na mkasi, gundi na dola mia chache aliweza kutoa maelfu ya nakala. Ndiyo maana kurasa nyingi za magazeti hayo zimekwenda upande, na mistari yake haikunyooka: zilitengenezwa usiku, juu ya meza ya kulia chakula, na watu ambao hawajapata kufundishwa kazi ile na yeyote.

Jina la magazeti hayo linahitaji kuangaliwa kwa makini na kila anayefasiri. Kwa lugha yao yaliitwa magazeti ya chini ya ardhi. Mswahili akisikia jambo linafanywa chini kwa chini, hufahamu mara moja kwamba linafichwa. Lakini mengi ya magazeti haya hayakufichwa hata kidogo. Yaliuzwa njia panda kwa sauti kubwa, yakiwa na anwani ya ofisi na majina ya wahariri. Max Scherr, aliyeanzisha Berkeley Barb mwaka 1965, aliyauza mwenyewe barabarani akiwa na ndevu zake na mkoba wake. Uficho wao haukuwa wa mahali bali wa hadhi: yalikuwa chini ya macho ya wakubwa, chini ya heshima ya maktaba, chini ya kile kilichohesabiwa kuwa habari. Hata hivyo jina huweza kumfuata mwenye jina mpaka likamfika. Kadiri miaka ilivyokwenda, baadhi yao walilazimika kujificha kweli.

Gazeti linalotajwa kuwa la mwanzo katika kundi hilo ni Los Angeles Free Press, ambalo Art Kunkin, mtu aliyewahi kuwa fundi wa vyuma, alilitoa kwa mara ya kwanza Mei 1964. Mwaka uliofuata lilitoka Berkeley Barb upande wa California, East Village Other mjini New York, na Fifth Estate mjini Detroit, ambalo mwanzilishi wake, Harvey Ovshinsky, alikuwa na umri wa miaka 17 tu. Mwaka 1966 magazeti hayo manne, pamoja na The Paper la East Lansing katika jimbo la Michigan, yalifunga umoja. Masharti yake yalikuwa mepesi: kila mwanachama ana ruhusa ya kuchapa tena maandishi ya mwenziwe bila malipo, na kila mmoja atawapelekea wengine nakala ya kila toleo.

Sharti hilo la pili ndilo lililozaa makusanyo ya mwanzo. Hakuna aliyekusudia kuweka kumbukumbu. Magazeti yalifika kwa posta kutoka miji mia, yakarundikwa pembeni mwa ofisi, na aliyetaka kujua wenzake wa Atlanta au Austin wanasema nini aliinama na kupekua. Ofisi ilipovunjwa au kodi ilipoishinda, rundo lile lilibebwa na mtu mmoja, agahalabu yule aliyekuwa na chumba chenye nafasi, likaingia chini ya kitanda chake. Ukifuatilia asili ya makusanyo mengi ambayo leo yamo katika vyuo vikuu, mwisho wa njia huonekana kitanda cha namna hiyo.

Lakini kabla gazeti halijawekwa na mtu, sharti mtu alichape, na hapo ndipo palipokuwa na mtihani wa kwanza. Wapigachapa wengi waliyakataa. Wengine waliogopa polisi, wengine waliogopa wateja wao, na wengine walichukizwa kwa dhati na yaliyomo. Katika mji mdogo wa Port Washington, jimbo la Wisconsin, kando ya Ziwa Michigan, alikuwepo mtu aliyeitwa William Schanen. Alikuwa na kiwanda cha chapa na magazeti yake ya kila wiki, magazeti ya heshima yaliyoandika habari za mikutano ya shule na bei za mashamba. Schanen hakuwa kijana, wala hakuwa mwasi. Alikubali kulichapa Kaleidoscope, gazeti la vijana wa Milwaukee, na baadaye mengine ya aina hiyo yaliyofukuzwa kwingine, na sababu yake ilikuwa moja: uhuru wa kuchapisha hauna maana ikiwa ni wa wale tu ambao mpigachapa anakubaliana nao.

Mwaka 1969 mwenye kiwanda mmoja wa eneo lile aliwaandikia wafanyabiashara barua akiwataka wasitangaze biashara zao kwa Schanen, na akasema kwamba yeye mwenyewe hatanunua kitu kwa atakayetangaza huko. Matangazo yakakatika. Wale waliokuwa wakimwamkia miaka yote wakawa wanavuka upande wa pili wa barabara. Schanen hakuacha kuchapa. Alilazimika kuuza magazeti yake mawili, akabaki na moja, na mwaka 1971 akafariki dunia. Inafaa kusisitizwa kwamba hakupoteza mali yake kwa ajili ya imani yake mwenyewe, kwani watu wa namna hiyo ni wengi katika tarikh. Aliipoteza kwa ajili ya haki ya maneno ambayo hakuyasema yeye.

Gazeti alilolichapa Schanen ndilo lililofika mbele ya mahakama ya juu kabisa ya nchi ile, na kesi yake yapasa kujulikana na kila mwenye kuandika mashairi. Mhariri wa Kaleidoscope, John Kois, alishitakiwa kwa kusambaza mambo machafu. Mashitaka yalikuwa mawili. La kwanza lilihusu picha mbili ndogo za mwanamume na mwanamke walio uchi, zilizowekwa pamoja na habari ya mpiga picha mmoja aliyekamatwa. La pili lilihusu shairi. Kois alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kwa kila shitaka, kimoja baada ya kingine, na faini ya dola 1,000 kwa kila moja. Kwa hivyo mwaka mzima wa umri wa mtu ulikuwa bei ya shairi moja.

Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta hukumu hiyo. Na namna ilivyofikiri ndiyo yenye faida kwa maudhui haya. Haikulichukua shairi peke yake. Iliufungua ukurasa, ikaona kwamba shairi lile lilikuwa miongoni mwa mashairi kumi na moja hivi yaliyowekwa pamoja katika kurasa mbili, na ikasema kwamba, liwe zuri au baya, lina dalili za mtu aliyejaribu kufanya kazi ya sanaa kwa dhati. Vivyo hivyo picha zilipimwa pamoja na habari iliyozizunguka. Ukurasa ndio uliotoa ushahidi. Lau gazeti lingehifadhiwa kwa kukatwa vipande, shairi huku na picha kule, hoja hiyo isingekuwa na pa kusimama.

Hapo ndipo inapoonekana tofauti baina ya anayekata na anayekusanya. Anayekata huchagua anachokitaka na kutupa kilichobaki. Anayekusanya huweka toleo zima: shairi pamoja na tangazo la chumba cha kupanga, barua ya msomaji aliyekasirika, bei ya viatu, na taarifa kwamba mbwa amepotea. Mara nyingi ni tangazo lile la chumba ndilo linalomwonyesha mwanahistoria watu hawa waliishi mtaa gani, na kwa kodi ya kiasi gani.

Wakataji mashuhuri kuliko wote wa zama zile walikuwa wapelelezi. Shirika la FBI liliyafuata magazeti haya kwa bidii. Maofisa wake waliyanunua, wakayasoma mstari kwa mstari, wakayatia katika majalada pamoja na majina ya waandishi na ya wale waliowapangisha ofisi. Ni jambo la kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja kwamba wasomaji waaminifu kuliko wote wa magazeti mengine walikuwa ni maofisa hao, waliosoma mpaka ukurasa wa mwisho kwa sababu walilipwa kusoma. Na hawakuishia kusoma. Mwishoni mwa miaka ya 1960 shirika hilo lilitoa magazeti yake ya bandia, yaliyojifanya kuwa ya vijana. Mojawapo, Armageddon News, lilisambazwa kwa wanafunzi wa chuo kikuu mjini Bloomington, Indiana, kwa shabaha ya kuwatia shaka dhidi ya wale waliopinga vita. Kwa hivyo mkusanyaji wa leo anapofungua sanduku, hapana budi ajiulize kila karatasi iliandikwa na mkono wa nani. Wala karatasi ya uongo haitupwi. Huwekwa mahali pake na kuandikwa kuwa ni ya uongo, kwa sababu uongo nao ni sehemu ya yaliyotokea.

Pengine palitumika nguvu kavu. Mjini Dallas, mwaka 1968, polisi waliivamia mara mbili nyumba ya mhariri wa Dallas Notes, wakachukua taipureta, kamera na makaratasi, hata gazeti likakosa cha kuandikia. Mjini San Diego ofisi za gazeti zilipigwa risasi na vifaa vyake vikaharibiwa. Ofisi ya The Great Speckled Bird mjini Atlanta ilichomwa kwa bomu la moto mwaka 1972. Kila tukio la namna hiyo liliunguza au kupoteza matoleo ya nyuma yaliyokuwa ofisini. Kwa hivyo pengo katika mkusanyo halitokani na uzembe siku zote. Mahali palipokosekana namba tatu au nne, aghalabu pana habari ya moto au ya mlango uliovunjwa, na pengo lenyewe linastahili kusomwa.

Magazeti yaliyokuwa ya chini kwa chini kwa maana kamili ya Kiswahili yalikuwa ya askari. Jeff Sharlet alikuwa kijana aliyefundishwa Kivietnam na jeshi na kupelekwa huko kama mtaalamu wa lugha. Aliporudi, Januari 1968, alianzisha Vietnam GI, gazeti lililoandikwa kwa ajili ya askari walio vitani na kujazwa barua zao wenyewe. Alifariki kwa saratani mwaka 1969, akiwa na miaka 27. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 magazeti ya askari yalikuwa zaidi ya mia mbili, yaliyochapwa karibu na kambi, mengine kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, mengine yakitoka mara mbili tatu na kufa mhariri wake alipohamishwa. Kwa kanuni za jeshi, askari hakuzuiwa kuwa na nakala moja ya kusoma, lakini akikutwa na rundo angeweza kushitakiwa kwa kusambaza. Gazeti lilisomwa likapitishwa kwa mwengine mpaka likachanika. Ndiyo sababu magazeti hayo ni adimu, na karatasi moja iliyosalimika, yenye mkunjo wa mfuko wa shati, huonyesha kwa mkunjo wake namna ilivyofichwa.

Si vyema, hata hivyo, kuyapamba magazeti haya kwa sifa yasizostahili. Yaliyodai haki kwa wote hayakuwatendea wote haki. Ndani ya ofisi nyingi wanawake walipika kahawa na kupiga taipu huku wanaume wakiandika tahariri za ukombozi. Kurasa zilijaa picha za wanawake zilizowekwa kwa ajili ya kuuzia gazeti, na Berkeley Barb liliishi kwa matangazo ya biashara ya ngono hadi wafanyakazi wake wengi wakaliacha mwaka 1969 na kuanzisha jingine. Mjini New York, Januari 1970, wanawake wa gazeti la Rat waliichukua ofisi, na katika toleo walilolitengeneza mshairi Robin Morgan aliandika kuaga kwake kwa harakati za wanaume, maandishi makali ambayo yamebaki yakisomwa hata baada ya magazeti yale kufa. Mkusanyaji anayeona haya akang'oa kurasa za aibu huwadhulumu hasa wale walioaibishwa, kwani huwaondolea ushahidi wao.

Nani basi aliyeyaweka? Kabla ya vijana hao kuzaliwa, mfano ulikuwa umeshawekwa katika jimbo la Michigan. Mwaka 1911 Joseph Labadie, mpigachapa na mwanaharakati wa wafanyakazi, alikipa chuo kikuu cha jimbo lake makaratasi aliyoyakusanya maisha yake yote: magazeti ya wafanyakazi, vijitabu vya uasi, barua, matangazo ya mikutano. Chuo kiliyapokea, kikayafungia, na kwa miaka mingi hakuna aliyeyagusa. Mwaka 1924 mwanamke aliyeitwa Agnes Inglis alikwenda kuyaangalia, akayakuta yamefungwa na hayakupangwa. Hakuwa na shahada ya ukutubi. Alianza kuyapanga kwa namna yake mwenyewe, akiandika kadi moja baada ya nyingine na kuwaandikia barua wazee wa harakati popote walipo kuwaomba wasichome makaratasi yao, na hakuiacha kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1952. Magazeti ya miaka ya 1960 yalipoanza kutoka, palikuwepo tayari rafu za kuyapokea, na hii ni kwa sababu mwanamke mmoja alikaa miaka 28 akipanga vitu ambavyo wenye elimu waliviona ni taka.

Mahali pengine palikuwa Madison, mji mkuu wa Wisconsin. Jumuiya ya Historia ya jimbo hilo, iliyoanzishwa mwaka 1846, ilikuwa na desturi ya kukusanya magazeti ya kila namna. Katika miaka ya kati ya 1960 iliwapeleka wanafunzi katika majimbo ya kusini kukusanya makaratasi ya harakati za haki za watu weusi wakati harakati zenyewe zingali moto: orodha za wanachama, mihutasari, vipeperushi. Baadaye mkutubi wake, James Danky, aliishughulikia kazi ya magazeti mbadala kwa zaidi ya miaka thelathini, na mwaka 1974 alichapisha orodha ya kuonyesha ni maktaba ipi ya Marekani na Kanada ina gazeti lipi. Orodha kama hiyo haisomwi kwa raha. Lakini bila ya orodha, kilichowekwa na kilichopotea ni sawasawa, kwani hakuna anayejua aende wapi.

Ukiyapata, bado yana adui mwengine, naye yumo ndani yake. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa unga wa miti usiosafishwa. Ikipata mwanga na hewa huwa ya manjano, kisha ya kahawia, kisha huvunjika kama bisi. Msomaji wa visiwani, anayejua joto na unyevu wa bahari hufanya nini kwa kitabu, bila kutaja mchwa na kombamwiko, hahitaji kuelezwa zaidi. Dawa iliyotumika mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa mikrofilamu, na umoja wa magazeti yale uliafikiana na kampuni ya Bell & Howell iyapige picha na kuziuzia maktaba. Kazi hiyo iliokoa mengi, lakini haikuokoa yote yaliyomo. San Francisco Oracle, lililohaririwa na mshairi Allen Cohen na kutoka mara 12 baina ya Septemba 1966 na Februari 1968, lilichapwa kwa ufundi wa kutia wino za rangi mbalimbali katika chombo kimoja cha mashine, rangi zikaingiana kama upinde wa mvua. Katika mikrofilamu isiyo na rangi, upinde ule ukawa jivu, na maandishi ya rangi ya chungwa juu ya manjano hayakusomeka kabisa. Mwaka 1991 Cohen alisimamia kuchapwa upya kwa matoleo yote, kwa rangi zake.

Hata hivyo, kuna kisichorudi. Wachapishaji wa Oracle waliwahi kuyanyunyizia magazeti yao manukato ya yasmini kabla hayajapelekwa sokoni. Msomaji wa huku, aliyezoea kuona yasmini ikitungwa na kuuzwa jioni, atafahamu mara moja walikuwa wanatafuta nini: walitaka gazeti lipokelewe kama mgeni wa heshima. Nakala zimebaki, rangi zimebaki, lakini hakuna maktaba inayoweza kuweka harufu.

Karne hii imeleta intaneti, na pamoja nayo suala zito zaidi. Magazeti mengi ya zama zile sasa yanasomeka bure, kwa jina la Independent Voices, popote penye kompyuta. Ni neema. Lakini mwaka 2016 waliokuwa wakiyaweka huko walilazimika kuliondoa On Our Backs, jarida la wanawake lililoanza mwaka 1984, baada ya kuonyeshwa kwamba waliopigwa picha za faragha walikubali kuonekana na wasomaji wachache wa wakati ule, si kuonekana na dunia nzima milele. Nchini Uingereza, jarida la wanawake la Spare Rib, lililowekwa na British Library mwaka 2015, liliondolewa mwaka 2021 kwa sababu za sheria za hakimiliki baada ya nchi hiyo kutoka katika Umoja wa Ulaya. Matukio haya mawili yanakumbusha kwamba aliyepewa kitu akiweke hakupewa kitu hicho kiwe chake. Kwa Kiswahili jambo hilo lina neno lake: amana. Mwenye amana hutakiwa kuilinda isipotee, na hutakiwa pia kukumbuka mwenyewe ni nani.

Katika habari hizi Afrika Mashariki nayo imo. Robert Williams, Mmarekani mweusi wa Monroe, North Carolina, alianzisha jarida lake dogo The Crusader mwaka 1959. Mwaka 1961 alikimbilia Cuba, kisha China, na kila alipohamia jarida lilihama naye. Kabla ya kurudi kwao mwaka 1969 alipitia Tanzania, kama walivyopitia wengi waliokuwa wakitafuta ukombozi katika miaka ile. Leo makaratasi yake yamo Ann Arbor, mji uleule ambamo Agnes Inglis aliandika kadi zake. Anayetaka kujua wageni wa aina hiyo walizungumza nini na wenyeji wao, na wenyeji waliwajibu nini, atakuta upande mmoja wa mazungumzo umehifadhiwa ng'ambo. Upande wa pili, kama bado upo, umo katika masanduku ya watu huku, chini ya vitanda, katika karatasi zilezile zinazovunjika kama bisi. Kila mzee anapofariki na chumba chake kikasafishwa kwa haraka kabla ya arubaini, sehemu yake huenda jaani.

Inafaa kurudi Wisconsin kumalizia. Katika hati za Mahakama ya Juu, kesi ya Kaleidoscope imeandikwa kwa majina mawili: Kois dhidi ya Wisconsin. Jimbo ndilo lililomshitaki, na jimbo ndilo lililotaka afungwe miaka miwili. Mwaka 1972, uamuzi ulipotoka, gazeti lilikuwa limeshakufa na mpigachapa wake ameshazikwa. Lakini Jumuiya ya Historia ya Madison ni taasisi ya jimbo hilohilo, inayoishi kwa sehemu kubwa kwa fedha za jimbo hilohilo. Wakati mkono mmoja wa jimbo ulikuwa ukiligeuza gazeti lile kuwa kielelezo cha mashitaka, mkono mwengine ulikuwa ukilipokea kwa posta, ukilipiga muhuri wa tarehe, na kuliweka rafuni baina ya gazeti la wakulima na gazeti la kanisa. Wakutubi wale hawakuulizwa kama wanalipenda shairi. Waliandika tarehe, wakatazama kama namba iliyopita imefika, na ambapo haikufika wakaandika barua kuiomba.